Muziki wa Chumbani

Tatizo lilianzia kwenye jina. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinipigia simu Jumatano jioni nikiwa uani napepeta ndengu. Simu yangu iliharibika pale pa kuwekea sikio, kwa hivyo mazungumzo yangu yote hutoka kwa kipaza sauti, na boma zima hunisaidia kuyasikiliza. Akasema: "Anko, Jumamosi nakuomba uje Nairobi. Tunapiga muziki wa chumbani."

Mke wangu akaacha kuchagua maharagwe.

"Chumba cha nani?"

Mpwa akacheka, akaeleza, na mimi nikaeleza tena baada yake kwa sababu maelezo ya simu kwetu hayatoshi mpaka yarudiwe na mtu aliye karibu. Muziki wa chumbani ni muziki wa watu wachache, watatu, wanne, labda watano. Kila mmoja ana sehemu yake ambayo hakuna mwingine anayeipiga, na hakuna wa kusimama mbele na kijiti kuwaongoza. Ukikosea, hakuna wa kumsingizia. Ulianzia Ulaya kwenye vyumba vya matajiri, na yuko mtu mmoja wa Austria aitwaye Joseph Haydn aliyeandika kazi 68 za fidla mbili, viola moja na selo moja, huko nyuma katika karne ya 18.

"Huyo Haydn alikuwa na shamba?" mke wangu akauliza.

Nikasema hakuwa na shamba, alikuwa na tajiri aliyemlipa mshahara. Akasema hapo sawa, akarudi kwenye maharagwe yake. Lakini hadi leo, mtu akimwuliza nilikuwa wapi Jumamosi ile, anajibu kwa sauti ya kutosha kuvuka ua: "Alikwenda Nairobi, mambo ya chumbani." Mchungaji ameshaniuliza mara moja kama kila kitu ki salama nyumbani.

Naomba nieleweke. Mimi si adui wa muziki. Kwetu Ndithini tuko mbali na mambo mengi, lakini hatuko mbali na gitaa. Kilimambogo ni majirani zetu, na huko ndiko alikotoka Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers. Alifariki mwaka 1987, na redio zetu bado hazijakubali. Nimecheza benga harusini, matangani, na siku moja kwenye foleni ya mbolea ya serikali. Ninajua muziki ni nini: mwimbaji anakupa habari zake, halafu ananyamaza, magitaa yanaanza kuzungumza yenyewe, na hapo ndipo mzee mwenye goti bovu anasahau goti.

Mpwa wangu tulimpeleka Nairobi kwa ng'ombe mmoja mwenye maziwa, tukidhani karo ile ni ya uhasibu. Miaka miwili baadaye akarudi Krismasi na sanduku jeusi mgongoni. Dada yangu alidhani ni kompyuta. Likafunguliwa, ikatoka fidla. Nyumba ikanyamaza. Bibi yake, mwenye busara kuliko sisi sote, akauliza kama kitu hicho kinaweza kurudishwa dukani.

Basi Jumamosi nikaondoka alfajiri, matatu ya kwanza hadi Thika, ya pili hadi Nairobi. Vumbi la kwetu lina tabia ya kumsindikiza mgeni: nilipofika Ngara lilikuwa bado kooni. Nilivaa koti langu la harusi na viatu vyeusi ambavyo fundi wa sokoni alivitia soli mpya ya tairi la lori. Ziwekeni soli hizo moyoni, tutarudi kwazo.

Tikiti ilikuwa shilingi 2,000. Ninaandika kwa tarakimu ili msidhani nimekosea. Hayo ni magorogoro kumi ya ndengu, kama mnunuzi ana roho nzuri, na hajawahi kuwa nayo. Nilimwuliza mlinzi kama jamaa ya mpigaji hulipa pia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali hilo na wajomba wengi.

Ndani palikuwa na viti vya kukunja vyenye mito, na taa zilizoelekezwa kwenye viti vinne vitupu. Watu walikuwa wananong'ona. Sijui kwa nini watu hunong'ona mahali ambapo hakuna kinachoendelea. Nikapewa karatasi ya ratiba. Ilisema kutakuwa na kazi mbili tu. Nikahesabu: shilingi 1,000 kwa kila wimbo. Bendi ya benga kwa pesa hizo ingenipigia hadi asubuhi na kutaja jina langu.

Wakaingia wanne, weusi tititi kwa mavazi, mpwa wangu akiwa wa pili. Hakunitazama. Tukapiga makofi, nikapiga yangu na mluzi mmoja mfupi wa kifamilia, wakaketi.

Kazi ya kwanza, nikiri, iliniweza. Ilikuwa ya Mganda, Justinian Tamusuza, aliyoiandika mwaka 1988 na kuipa jina la Kiganda, *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, yaani kwenye njia ya msalaba. Kundi moja la Marekani liitwalo Kronos Quartet liliirekodi sehemu yake kwenye albamu ya *Pieces of Africa* ya mwaka 1992, na ndivyo Waganda walivyofika kwenye maduka ya muziki ya Marekani wakiwa ndani ya fidla. Nyuzi zilikuwa zinakimbizana kama watoto wanaotoka mtoni, huyu akianza kabla yule hajamaliza, na katikati yake kulikuwa na mdundo. Mwili wangu ukautambua mdundo huo kabla yangu. Mguu ukaanza.

Hapo ndipo soli ya tairi la lori inapoingia. Soli ya tairi kwenye sakafu ya mbao haipigi hodi, inavunja mlango. Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka, akautazama mguu wangu. Hakunitazama mimi. Mguu ukaacha. Nikaukalia mwingine kwa tahadhari.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Ni wazi iliisha: walinyamaza, wakashusha pinde. Nikapiga makofi. Nilipiga makofi peke yangu, katika ukumbi wenye watu zaidi ya mia moja, kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama msimu wa kiangazi. Kijana aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza kwa upole: "Mzee, bado. Ni sehemu tu. Tunasubiri kazi yote iishe."

"Nitajuaje imeisha?"

"Utaona wameshusha pinde."

"Si wameshusha?"

Akafikiri. "Watashusha zaidi," akasema.

Nataka kuuliza jambo hapa, na mwenye jibu asinifiche. Kwetu, kilumi kikipigwa, ngoma zinalia na akina mama wanaimba, na asiyeitikia ndiye anayetazamwa. Mwimbaji anatupa mstari, nyinyi mnaudaka. Ukikaa kimya katika kilumi watu watadhani umetumwa. Sasa mtu anakuja ukumbini, analipa magorogoro kumi, anaambiwa asipige mguu, asipige makofi, asiseme neno. Amelipia nini? Amelipia kujizuia. Kujizuia ninafanya bure nyumbani kila siku, ulizeni mke wangu.

Na kukohoa! Lile vumbi la Ndithini lilikuwa limesubiri tangu Ngara kwa adabu, lakini sehemu ya polepole ilipofika, likaamka. Nilikunja ngumi, nikameza mate, nikafikiria madeni. Machozi yakanitoka. Mama wa mbele akageuka tena, akaona machozi, na kwa mara ya kwanza akanitabasamia. Alidhani muziki umenigusa. Kisha sehemu ikaisha, na ghafla ukumbi mzima ukakohoa kwa pamoja, wazee kwa vijana, wenye suti na wenye shanga, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Kumbe kuna muda rasmi wa kukohoa! Haukuandikwa kwenye ratiba. Nilikohoa hadi nikawa wa mwisho, na wakaningoja.

Mapumziko yalikuwa ya sambusa moja kwa bei ya robo kilo ya nyama. Nitaruka hapo, kama nilivyoiruka sambusa.

Kazi ya pili ilikuwa ya Mmarekani, George Crumb, ya mwaka 1970, inaitwa *Black Angels*. Niliposoma kwenye karatasi kuwa aliiandika wakati wa vita vya Vietnam, kwamba ina vipande 13, na kwamba aliimaliza Ijumaa tarehe 13 Machi mwaka huo huo, nikajua nimeingia mikononi mwa mtu anayejua anachofanya. Vijana wakaleta nyaya, wakaziunganisha fidla na vipaza sauti. Wakaleta glasi zenye maji. Wakaleta kayamba za Kilatini na duara kubwa la shaba lililoning'inizwa kama bati la geti. Nikasema moyoni: hawa sasa wanahamia au wanapiga?

Wakaanza.

Wasomaji wa Ukambani, mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2020. Nzige. Ile sauti iliyotangulia wingu lenyewe, si mvumo wa nyuki wala mvua, sauti ya kitu kinachotafuna hewa. Tulitoka na masufuria, filimbi, mabati, watoto wakipiga madebe, na mzee mmoja wa kwetu alipiga jembe kwa jiwe hadi mpini ukavunjika. Basi hiyo ndiyo sauti iliyotoka kwenye zile fidla nne. Nyembamba, kali, nyingi, ikipanda na kushuka ukutani. Karatasi ilisema kipande hicho ni usiku wa wadudu wa umeme. Mikono yangu haikusoma karatasi. Ilikuwa imeshaanza kutafuta sufuria chini ya kiti.

Nilijizuia. Lakini mpwa wangu na wenzake hawakujizuia: muda si muda mmoja wao akalipiga lile duara la shaba, na nikajua kwamba hata Marekani dawa ya nzige ni ile ile.

Kisha wakaanza kusema. Ndiyo, wapiga fidla, kwa midomo yao. Wakapiga kelele, wakanong'ona, wakahesabu namba kwa lugha ambazo sikuzielewa. Baadaye niliambiwa Crumb aliwapangia kuhesabu kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungaria na Kijapani. Nilikuwa nimeegemea kiti, nimekata tamaa ya kuelewa, nikiwaza kama matatu ya mwisho ya Thika itaningoja, mara nikasikia namba kwa Kiswahili.

Siwezi kuwaeleza ilivyonipata. Saa nzima nimekatazwa kuitika, na sasa mtu anatamka namba, kwa lugha yangu, kwa sauti ya ukali, akinitazama (hakuwa ananitazama, lakini taa zilidanganya). Mimi nimeuza mbuzi sokoni Matuu kwa miaka 20. Mtu akitamka namba mbele yangu kwa ukali, kuna jibu moja tu, na jibu hilo halipiti kichwani, linatoka moja kwa moja kifuani.

"Ongeza!" nikasema.

Nilisema kwa sauti ya soko. Mama wa mbele hakugeuka. Nadhani alikuwa ameshanikabidhi kwa Mungu. Nyuma yangu mtu alicheka akajiziba mdomo. Mwenye viola alibana midomo, na upinde wake ukatetemeka kidogo mahali ambapo sidhani Crumb aliandika utetemeke. Mpwa wangu hakuinua macho, lakini masikio yake, nayajua, ni ya dada yangu, yalibadilika rangi.

Yule kijana wa kando akaninong'oneza: "Mzee, hiyo imo kwenye muziki."

"Najua imo," nikamjibu. "Nami nimo."

Halafu, wakati nimejiandaa kuchukia kila kilichobaki, kikaja kipande kimoja ambacho sitakidharau. Watatu waliweka fidla chini, wakachukua pinde na kuzivuta kwenye midomo ya zile glasi za maji. Zikatoa sauti kama ya upepo unaopita juu ya chupa tupu, ila safi zaidi. Na selo, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti kama mtungi, ikaimba peke yake juu ya sauti hiyo, polepole. Nilifikiria usiku wa kwetu baada ya umeme kupotea. Nilifikiria bibi yake mpwa, ambaye hakufika kuona kwamba kitu kile hakikurudishwa dukani. Nilinyamaza bila kuambiwa, na kohoo nalo likanyamaza. Ilikuwa kama dakika tatu. Katika magorogoro kumi, hapo nililipia sita.

Baadaye tuliketi kwenye kibanda cha chai nje, wao wanne na mimi. Nilitarajia kusemwa. Mwenye selo akaniuliza ule ulikuwa ukelele wa nini, nikamweleza habari ya mbuzi. Akacheka hadi chai ikamwagika. Akasema watu huja, huketi, huondoka, na hajui kama kuna aliyesikia zile namba. Leo angalau mmoja alizisikia. Mpwa wangu hakucheka. "Anko," akasema, "ungeniaibisha zaidi kama tungepiga ya Cage."

Akanieleza kwamba mwaka 1952, mjini Woodstock, Marekani, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya watu kwa dakika nne na sekunde 33 bila kupiga chochote, na kwamba hiyo ni kazi maarufu ya John Cage, yenye sehemu tatu. Tatu! Yaani kimya kile kina mapumziko. Nikauliza kama kwenye mapumziko hayo watu hukohoa. Akasema kukohoa kwao ndiyo kazi yenyewe. Hapo nilitaka kulia, kwa maana huyo Cage ndiye aliyekuwa mtu wangu na mimi nikapelekwa kwa Crumb.

Wenzake wakaendelea: kuna Morton Feldman, Mmarekani pia, ambaye mwaka 1983 aliandika kazi ya wapiga nyuzi wanne inayochukua kama saa sita. Saa sita bila kusimama ni mkutano wa chifu na bado maswali hayajaulizwa. Na kuna Mjerumani Stockhausen, aliyewapandisha wapigaji wanne kwenye helikopta nne, kila mmoja na yake, wakapiga angani, na watu chini wakasikiliza kupitia vipaza sauti. Jambo hilo lilifanyika Amsterdam mwaka 1995. Walinitazama wote kuona nitashangaa. Sikushangaa. Kila msimu wa kampeni kwaya yetu ya kanisa huimba na helikopta. Mheshimiwa hutua ubeti wa pili, vumbi huinuka, sauti ya nne hupotea kabisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuandika kwenye vitabu.

Kinachoniudhi hasa si nyuzi wala namba. Nairobi ina chuo cha muziki huu, Kenya Conservatoire of Music, tangu mwaka 1944. Nairobi Orchestra iko tangu 1947. Korogocho, kando ya jaa la taka la Dandora, watoto wamekuwa wakifundishwa fidla na tarumbeta chini ya mradi wa Ghetto Classics tangu 2008. Kwa hivyo mtu asiniambie ni mambo mageni. Ni mambo ya zamani kuliko Jamhuri, ila hayajapanda matatu ya Thika. Katika miaka hiyo yote mimi ndiye niliyetakiwa kuoga, kuvaa koti la harusi, kumeza vumbi na kukalia mguu wangu mwenyewe, wakati fidla ni nyepesi na inabebwa mgongoni.

Ningependa pia kumwuliza Crumb ni nani aliyemfundisha kuhesabu kwa lugha yetu, na kama alimlipa. Haiwezekani. Alifariki Februari 2022, akiwa na miaka 92.

Nikawaambia wale wanne waje Ndithini. Muziki wa chumbani unataka chumba, tunavyo. Glasi tutaazima kwa mke wangu, zile za wageni, mradi zirudi sita. Duara la shaba waliache, mabati tunayo, na yana uzoefu. Mwenye selo akasema anakuja hata kesho. Mpwa wangu akasema atafikiria, kwa ile sauti ya dada yangu yenye maana ya hapana, lakini tulipoagana Ngara akaniuliza kimya kimya kama nadhani bibi angeipenda ile ya glasi.

Nilifika nyumbani saa saba usiku. Mke wangu alikuwa macho.

"Chumba kilikuwaje?"

"Kikubwa," nikasema. "Na hairuhusiwi kukohoa."

Mke wangu amekubali waje, mwezi wa nane, tukishavuna. Viti vitakuwa vya plastiki, vya kikundi cha akina mama. Ukivunja, unalipa.